Kutoka Mzingo Hadi Kipenyo: Tugawe kwa Pai Ipi?

Duara lina mzingo wa sentimita 44. Kipenyo chake ni kiasi gani? Anayetumia 22/7 anapata 14 kamili. Anayetumia 3.14 anapata 14.01. Anayebonyeza kitufe cha pai kwenye kikokotoo anapata 14.0056. Duara ni lile lile, majibu ni matatu. Ndiyo maana mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani hujikuta akibishana na kitabu, na mwanafunzi aliyekokotoa vizuri hurudi na alama ya kosa asiyoielewa.

Nje ya darasa ubishi huu unagusa mfuko. Fundi bomba hawezi kukata bomba lililokwisha kufungwa ili apime upana wake, hivyo hulizungushia futi. Mpima miti hawezi kupitisha rula katikati ya mti uliosimama. Fundi cherehani anayekata sketi ya duara anacho kipimo cha kiuno tu. Wote wana mzingo na wanatafuta kipenyo, na kila mmoja ameshika njia yake: mmoja anagawa kwa 3.14, mwingine anazidisha kwa 7 na kugawa kwa 22, mwingine anagawa kwa tatu, basi.

Ipi ni sahihi? Jibu linategemea mambo ambayo wabishanaji wengi hawayatazami. Pai yenyewe ni sehemu ndogo ya kosa. Sehemu kubwa inatoka kwenye kamba ya kupimia, kwenye umbo la kitu kinachopimwa, na kwenye kazi ambayo kipenyo hicho kinakwenda kufanya.

Namba isiyoandikika hadi mwisho

Chukua duara lolote, la sarafu au la tangi la maji, ugawe mzingo wake kwa kipenyo chake. Jibu ni lile lile siku zote: tatu na kitu, nalo ndilo pai. Shida yote iko kwenye hicho "kitu".

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, kinaeleza chombo kikubwa cha shaba kilichokuwa hekaluni, upana wake mikono 10 na mzunguko wake mikono 30. Hapo uwiano ni 3. Wapo wanaosema mwandishi alitoa hesabu ya jumla. Wengine wanakumbusha kwamba sura hiyo hiyo inataja unene wa chombo, hivyo huenda upana ulipimwa nje na mzunguko ukapimwa ndani. Hoja hii ya ndani na nje tutakutana nayo tena. Huko Misri, papirasi ya Rhind ya karibu mwaka 1650 kabla ya Kristo ina hesabu za duara zinazotoa pai ya takriban 3.16.

Aliyeweka mambo sawa ni Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Alichora maumbo yenye pande 96, moja ndani ya duara na jingine nje yake, akathibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71, na ni ndogo kuliko 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 ya madaftari yetu. Kwa hiyo tangu ilipozaliwa, 22/7 haikuwa thamani ya pai. Ilikuwa dari: namba ambayo pai haiwezi kuifikia.

Waliofuata walizidi kusogea. Nchini China, Zu Chongzhi wa karne ya tano alipata 355/113, sehemu inayopatia pai hadi desimali ya sita. Mwaka 1424 huko Samarkand, mwanahisabati Mwislamu Jamshid al-Kashi alitumia umbo lenye pande 805,306,368 na kupata desimali 16. Lengo lake lilikuwa kwamba mtu akikokotoa mzingo wa ulimwengu wote, kama ulivyokadiriwa zama zake, asikosee hata kwa unene wa unywele wa farasi. Huyu alijiuliza swali ambalo leo wengi hawajiulizi: usahihi huu ni kwa ajili ya kazi gani?

Katika karne ya 18 Johann Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Maana yake kwa mada yetu ni nzito. Mzingo ukiwa sentimita 44 kamili, kipenyo hakiwezi kuwa 14 kamili, wala namba yoyote yenye mwisho. Majibu yote matatu tuliyoanza nayo ni makadirio.

Hoja ya 22/7

Anayeitetea 22/7 ana silaha nzuri: hesabu inakubali kufanyika kwa kalamu na karatasi. Kipenyo ni mzingo mara 7, gawanya kwa 22. Mzingo ukigawanyika kwa 22, kazi inaisha kwa mstari mmoja: 44 inatoa 14, 66 inatoa 21, 88 inatoa 28, 132 inatoa 42. Watunga mitihani wanalijua hilo, na ndiyo sababu maswali ya mzingo katika shule zetu za msingi huja mara nyingi na maelekezo "Tumia π = 22/7". Kwa mtoto asiye na kikokotoo, maelekezo hayo ni msaada wa kweli, kwa kuwa mtihani unataka kujua kama ameelewa uhusiano wa mzingo na kipenyo. Kumchosha kwa kugawa desimali hakuongezi chochote.

Udhaifu wake uko kwenye imani inayobaki. Mtoto anayeona majibu kamili mwaka baada ya mwaka huamini kwamba pai ni 22/7, kwamba duara lina tabia ya kutoa namba nzima, na kwamba jibu lenye desimali ni dalili ya kukosea. Akifika kidato cha kwanza akakuta mzingo wa sentimita 50, anapata 350/22, anashtuka na kuanza kufuta. Tena wanafunzi wengi hukariri 22/7 pamoja na neno "zidisha", kwa sababu ndivyo walivyoanza: kipenyo mara pai ni mzingo. Njia ya kurudi inapohitajika, wanazidisha tena, na duara la mzingo wa sentimita 44 linapewa kipenyo cha 138.

Hoja ya 3.14, na ya kikokotoo

Huku kuna imani moja inayopaswa kusahihishwa waziwazi. Watu wengi, wakiwemo waliosoma, huona 3.14 kuwa sahihi zaidi kuliko 22/7 kwa sababu ina sura ya kisayansi. Hesabu inakataa. Pai ni 3.14159. Sehemu 22/7 ni 3.14286, imezidi kwa asilimia 0.04. Namba 3.14 imepungua kwa asilimia 0.05. Ile sehemu ya Archimedes ndiyo iliyo karibu zaidi, ingawa kwa tofauti ndogo.

Jambo la maana kuliko ukubwa wa kosa ni upande wake. Kwa kuwa 22/7 imezidi pai, ukigawa mzingo kwa namba hiyo unapata kipenyo kilichopungua kidogo. Ukigawa kwa 3.14 unapata kilichozidi kidogo. Katika sentimita 44 hakuna atakayeona. Katika mzingo wa dunia tofauti inaonekana: ikweta, inayopita Kenya, Uganda na Kongo, ina urefu wa kilomita 40,075, na kipenyo chake ni kilomita 12,756. Ukitumia 22/7 unapata 12,751, pungufu ya kilomita tano. Ukitumia 3.14 unapata karibu 12,763, zaidi ya kilomita sita juu. Asilimia za kosa ni zile zile za sarafu na za tangi. Kilichokua ni kitu chenyewe.

Faida ya 3.14 ni kwamba inakaa vizuri na vipimo vya desimali. Mzingo wa 157 unatoa 50, wa 314 unatoa 100. Kasoro yake ni kwamba kugawa kwa 3.14 kwa mkono ni adhabu, na ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama kwa kuhamisha nukta vibaya. Mafundi wamekwepa adhabu hiyo kwa kugeuza hesabu: wanazidisha mzingo kwa 0.318. Ni mbinu nzuri, ila hapo kosa linafika karibu asilimia 0.1. Wakiongeza tarakimu moja tu na kuzidisha kwa 0.3183, wanawashinda wenye 22/7 na wenye 3.14 kwa pamoja. Kwa mtu mwenye simu mfukoni, namba hiyo ndiyo ningeipendekeza.

Kitufe cha pai ndicho sahihi kuliko vyote, lakini kina mitego miwili. Wa kwanza ni mpangilio. Anayetafuta nusu kipenyo akiandika mzingo ÷ 2 × π, kikokotoo kitagawa kwa 2 kisha kitazidisha kwa pai, na jibu litakuwa karibu mara kumi ya linalotakiwa. Mabano yanahitajika: mzingo ÷ (2 × π). Mtego wa pili ni usahihi wa bandia. Mti umepimwa kwa futi iliyosomwa hadi sentimita nzima, mzingo 157, na ripoti inaandika kipenyo cha 49.97465. Desimali hizo hazikutoka kwenye mti. Shirika la anga la Marekani, NASA, hutumia desimali 15 za pai kuongoza vyombo vinavyosafiri kati ya sayari. Anayepima gogo hazihitaji zaidi ya tatu.

Wanaogawa kwa tatu

Njia hii hudharauliwa, na sehemu ya dharau hiyo si ya haki. Kama kipimo cha kujikagua haina mpinzani: kipenyo lazima kiwe pungufu kidogo ya theluthi ya mzingo. Mtoto aliyepata 138 kutoka 44 angejua papo hapo kwamba amezidisha badala ya kugawa. Kila mwalimu angepaswa kuifundisha kabla ya pai yoyote.

Kama jibu la mwisho, inaumiza. Kosa lake ni karibu asilimia 5, na daima linazidisha. Fundi cherehani mwenye kiuno cha sentimita 66 anahitaji nusu kipenyo cha 10.5 ili tundu la sketi limfae mteja. Akigawa kwa 6 badala ya 6.28 anapata 11, na tundu linatoka na mzingo wa sentimita 69. Sentimita tatu kiunoni ni sketi inayoteleza, na kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Mfano mzito zaidi uko kwenye nguzo za mikoko. Katika biashara ya Lamu miti hiyo hupangwa kwa madaraja ya unene yenye majina yanayojulikana pwani nzima, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti na nguzo, na huuzwa kwa korija. Tuseme boriti inaanzia kipenyo cha sentimita 11.5. Mti wenye kipenyo hicho una mzingo wa sentimita 36.1. Anayegawa kwa tatu ataukubali mti wenye mzingo wa 34.5 kuwa boriti, wakati kipenyo chake halisi ni 10.98, yaani ni mazio. Kwenye mpaka wa daraja, kosa la asilimia 5 hubadilisha jina la mti na bei yake.

Kosa lisilotokana na pai

Sasa tuingie mahali ambapo hasara kubwa imejificha.

Kupima mzingo kuna sifa moja nzuri ajabu: kosa la kipimo hugawanywa kwa pai pamoja na kipimo chenyewe. Ukikosea milimita 3 katika mzingo, kipenyo kinakosewa kwa chini ya milimita moja. Anayepima kipenyo moja kwa moja kwa rula hana kinga hiyo, na asipopita katikati kabisa ya duara atapata pungufu siku zote.

Mzingo nao una maradhi yake, na karibu yote huvuta upande mmoja: kuzidisha. Futi iliyolegea inazidisha. Futi iliyopanda juu ya kifundo cha tawi inazidisha. Futi iliyoinama kwa nyuzi 10 tu kuzunguka mti inaongeza karibu asilimia 0.8, ambayo ni zaidi ya mara 15 ya kosa la 22/7 au la 3.14. Gome lenye unene wa sentimita moja linaongeza zaidi ya sentimita 6 kwenye mzingo, na sentimita 2 kwenye kipenyo.

Kwa vitu vyembamba, uzi wenyewe ni adui. Mtu akizungushia bomba la milimita 20 uzi wenye unene wa milimita 2, urefu wa uzi unafuata mstari wa katikati ya unene wake, si ngozi ya bomba. Anapata kipenyo cha milimita 22. Hilo ni kosa la asilimia 10, na hakuna desimali ya pai itakayoliondoa. Dawa ni karatasi nyembamba: ikunje kuzunguka bomba, itoboe kwa sindano panapokutana safu mbili, kisha ikunjue na upime umbali kati ya matundu.

Halafu kuna suala la ndani na nje, lile la chombo cha hekalu. Bomba la chuma linaloitwa la nusu inchi lina mzingo wa nje wa karibu milimita 67. Gawa kwa pai, unapata 21.3. Nusu inchi ni 12.7. Fundi mwanagenzi huona hesabu imemdanganya, kumbe hesabu iko sawa: jina la bomba ni la kibiashara, na mzingo wa nje hautoi kipenyo cha ndani mpaka uondoe unene wa ukuta mara mbili.

Kubwa kuliko yote ni umbo. Kugawa kwa pai kunadhani kitu ni duara kamili. Miti haijali dhana hiyo. Chukua shina lenye umbo la duaradufu, upana wake sentimita 60 upande mmoja na 40 upande mwingine. Mzingo wake ni karibu 158.7. Ukigawa kwa pai unapata kipenyo cha 50.5, na ukikitumia kutafuta eneo la mkato unapata asilimia 6 zaidi ya eneo halisi. Kosa linaloletwa na 22/7 au 3.14 katika eneo hilo haliifikii asilimia 0.11. Umbo limekosesha zaidi ya mara 50.

Sababu yake ni sheria ya jiometri isiyo na huruma: kwa mzingo uliopewa, duara ndilo umbo lenye eneo kubwa kuliko yote. Umbo lolote lililobonyea lenye mzingo ule ule lina eneo dogo zaidi. Hivyo anayepima mzingo wa mti usio mviringo hawezi kupunja, ataongeza tu. Kwa shina la mpingo lenye mifereji, au mbuyu wenye mikunjo, ongezeko huwa kubwa.

Ndiyo hoja ya wanaopendelea kalipa, kifaa chenye taya mbili kinachobana shina. Kwa shina lile la 60 kwa 40, mpimaji anayepima pande mbili na kuchukua wastani anapata 50, na eneo linazidi kwa asilimia 4 badala ya 6. Kwa upande wa pili, kalipa ni nzito, inahitaji vipimo viwili kwa kila mti, na wapimaji wawili wakiishika kutoka pande tofauti wanapata majibu tofauti. Futi haibadiliki hivyo: leo, kesho na mwaka kesho itazunguka mti ule ule kwa njia ile ile. Kwa anayefuatilia ukuaji wa mti, kurudia kipimo kwa uaminifu kuna thamani kuliko kulipatia eneo. Ndiyo maana wapima misitu hutumia sana utepe wa kipenyo, wenye alama zilizoachana sentimita 3.14 na kuandikwa 1, 2, 3, ili mtu azungushe kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kusoma kipenyo bila hesabu yoyote.

Gogo moja, ujazo tatu

Hasara ya makosa haya inaonekana wazi kwenye magogo, kwa sababu ujazo hutumia kipenyo mara mbili, na kosa nalo linaongezeka karibu maradufu. Chukua gogo la mitiki lililo mviringo, urefu mita 4, mzingo sentimita 157. Kwa pai halisi, ujazo ni mita za ujazo 0.785. Anayepata kipenyo kwa kugawa kwa tatu, kisha akakitumia kwenye jedwali la ujazo lililotengenezwa kwa pai halisi, anapata 0.860, karibu asilimia 10 zaidi.

Iko njia ya tatu isiyotafuta kipenyo kabisa. Mwingereza Edward Hoppus alichapisha majedwali yake mwaka 1736: gawa mzingo kwa nne, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa urefu. Njia hiyo ilienea katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na katika biashara ya mitiki ya kimataifa haijafa. Kwa gogo letu inatoa 0.616. Watetezi wake wanasema ile asilimia 21.5 iliyokosekana ni haki, kwa kuwa gogo likipasuliwa mbao, sehemu ya pembeni huishia kuwa takataka. Hoja hiyo ina uzito pale tu ambapo pande zote mbili zinajua kipimo kinachotumika na bei imepangwa kwa kipimo hicho. Mkulima wa mitiki anayeuza kwa Hoppus huku mnunuzi akiuza mbele kwa mita halisi za ujazo, amempa mnunuzi huyo asilimia 27 ya ziada kabla msumeno haujawashwa.

Ya kushika kwa kila kazi

Kwa mtihani, tumia pai uliyoelekezwa, na usipoelekezwa iandike uliyotumia. Wasahihishaji nao wana wajibu: 14.01 na 14 ni majibu ya uelewa ule ule, na si haki mtoto aadhibiwe kwa kuchagua 3.14 pale ambapo swali halikumzuia. Walimu wangesaidia sana kwa kutoa angalau swali moja lenye mzingo usiogawanyika kwa 22, ili jibu lenye desimali lisiwatishe watoto.

Kwa fundi, 0.3183 inatosha maisha yote. Muda anaoutumia kubishania pai autumie kukaza futi, kuinyoosha isiiname, na kujiuliza kama anataka kipenyo cha ndani au cha nje.

Kwa biashara ya miti, kugawa kwa tatu kuachwe kabisa katika kupanga daraja na kukokotoa ujazo. Mti ulio mviringo upimwe kwa utepe. Uliobonyea upimwe pande mbili kwa kalipa. Na kwa wakulima walio karibu na mashamba ya mitiki kama Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, ambako watu binafsi nao wamepanda: kabla ya kukubaliana bei, mwulize mnunuzi ujazo wake umetokana na kanuni gani, na uikokotoe mwenyewe mbele yake. Mzingo wa mita 1.57, zidisha kwa wenyewe, gawa kwa 12.57, zidisha kwa urefu wa mita 4: jibu ni 0.784, au 0.785 ukiongeza desimali. Akikutajia 0.616, mazungumzo ya bei yaanze upya.